Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Mtunzi wa Riwaya za Upelelezi Kusafiri kwenda Tanga

Mtunzi anayekwenda Tanga kukusanya habari za riwaya mpya ya upelelezi, na papo hapo kuinadi ile iliyokwisha kuchapishwa, ana safari mbili ndani ya moja, na ya kwanza ndiyo inayodai maandalizi makubwa. Msomaji wa Ngamiani, mtaa wa mjini Tanga, akikuta jambo analolijua limeandikwa ovyo, hataliamini hata fumbo lenyewe.

Aanze na bahari. Iwapo maiti itaokotwa kwenye mikoko au mtuhumiwa atatoroka kwa ngalawa, saa ya tukio haichaguliwi kwa kupenda, kwa kuwa maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, kila siku yakichelewa kwa kadiri ya dakika 50, na wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, hupwa mbali sana na kujaa kupita kawaida. Bamvua ya mwezi mwandamo huja na usiku wa giza, ilhali ile ya mwezi mpevu humwanika kila apitaye ufukweni. Anayetaka maji mafu, yale ya mwezi nusu yasiyojaa wala kupwa sana, pamoja na giza la kutoka magharibi hadi alfajiri ameomba lisilokuwapo, labda alete mawingu. Kwa hiyo atafute jedwali la maji la tarehe aliyoikusudia kabla hajaondoka nyumbani, kisha alilinganishe na maneno ya wavuvi.

Jambo la pili ni mahakama. Kesi ya mauaji husikilizwa na Mahakama Kuu, yenye kanda yake Tanga. Mshtakiwa anapofikishwa kwanza mahakama ya chini hatakiwi kujibu lolote, na shauri hutajwa na kuahirishwa hadi upelelezi ukamilike. Lile onyesho la mshtakiwa kukana shtaka kwa kishindo siku ya kwanza, ambalo watunzi wetu wanalipenda mno, halina mahali pake. Ni vyema kuhudhuria mashauri yanayosikilizwa hadharani, na kutanguliza barua ya utambulisho kwa Kamanda wa Polisi wa Mkoa, akiomba kuelezwa utaratibu wa kazi tu na si habari za majalada ya kesi ambazo hazijafungwa. Kamera isielekezwe bandarini wala kwenye vituo vya polisi bila kibali.

Barabara za Ngamiani zinazoitwa kwa namba zitembelewe kwa miguu, maana mhusika akikata kona isiyokuwapo, wenyeji watacheka. Mapango ya Amboni, ya mawe ya chokaa, yanahitaji tochi, viatu visivyoteleza na mwongozaji. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, yaepukwe.

Kuhusu uuzaji, nakala zitangulizwe kama kifurushi cha basi, na chache zibaki mkobani. Anayetaka kuzungumza shuleni aombe ruhusa kwa afisa elimu mapema, wala asichague Novemba, mwezi wa mtihani wa kidato cha nne. Lugha aihakiki upya, kwani anakwenda kwenye ardhi ya Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani mwaka 1909 na kuzikwa Machui. Sura ya kusomea hadhira iwe imekwisha kuchaguliwa, nayo iishie kabla mpelelezi hajamtaja mshukiwa wake wa kwanza, kwa sababu aliyekwisha kumjua muuaji hanunui kitabu.