Banti kwenye viwanja vikavu vya Dodoma

Katika besiboli, mpigaji wa banti hazungushi gongo, bali huliweka mbele ya mpira ili mpira uliguse, uanguke karibu na kupoteza mwendo, na walinzi wakimbilie kuuokota huku mkimbiaji, yaani mwenzake aliyekwisha kufika kwenye besi (kituo cha kukimbilia), akisogea besi moja mbele. Mara nyingi mpigaji mwenyewe hutolewa kwenye besi ya kwanza, na timu hukubali auti hiyo kwa sababu mkimbiaji aliyefika besi ya pili anaweza kurudi besi ya nyumbani na kupata pointi kwa pigo moja zuri. Hivyo banti hufaa pointi moja inapokuwa na uzito na kabla auti hazijafika mbili; timu iliyoachwa kwa pointi nne haina sababu ya kugawa auti zake. Nchini Japani ufundi huu unaheshimiwa sana, na Masahiro Kawai, aliyechezea Yomiuri Giants na baadaye Chunichi Dragons, alimaliza uchezaji wake akiwa na banti za kujitoa 533, yaani zile ambazo mpigaji hutolewa ili mkimbiaji asogee.

Mtupaji anapoanza kujiandaa, geuka umtazame, ukikunja magoti. Mkono wa chini ubaki karibu na mpini. Wa juu usogee hadi katikati ya gongo na ulishike kwa kidole gumba na cha shahada, vidole vyote vikiwa nyuma yake, kwani kidole kilichotokeza mbele huvunjwa na mpira. Kichwa cha gongo kiwe juu kidogo kuliko mpini, usawa wa juu kabisa wa eneo la straiki, yaani nafasi ambamo mpira usiopigwa huhesabiwa straiki, kosa la mpigaji. Mpira ukija chini, shuka kwa magoti wala si kwa mikono. Ukipita juu ya gongo, uache, maana ukiufuata utaruka hewani na kudakwa.

Kazi kubwa zaidi ni kuupunguza mpira kasi, na hapa wachezaji wa Dodoma wanahitaji uangalifu wa pekee. Kiangazi udongo wetu hukauka na kuwa mgumu, hivyo banti ambayo ingefia kwenye majani hapa hukimbia moja kwa moja hadi miguuni mwa mtupaji. Legeza mkono wa juu na urudishe gongo nyuma kidogo mpira unapoligusa, kama mtu anayepokea kibuyu cha maziwa kilichojaa pomoni, na ugusishe karibu na ncha, mahali ambapo gongo halina nguvu. Masika udongo unapolowa, usirudishe gongo kiasi hicho.

Mwelekeo huamuliwa na mkono wa chini. Kwa mpigaji wa mkono wa kulia, kuvuta mpini kuelekea tumboni hupeleka mpira upande wa besi ya tatu, na kuusukuma mbele huupeleka upande wa kwanza. Mkimbiaji akiwa besi ya kwanza, elekeza upande wa kwanza, kwa kuwa mlinzi wa hapo anamchunga na atachelewa kuja. Akiwa besi ya pili, elekeza upande wa tatu, ili mlinzi alazimike kuiacha besi yake.

Kwa mazoezi, ondoa kokoto, chora duara pande zote mbili hatua chache mbele ya besi ya nyumbani, kisha mwenzako atupe polepole mpaka mipira mingi isimame ndani ya maduara. Kasi iongezwe baadaye. Kwenye mechi, kumbuka kwamba banti ikitoka nje ya mistari mpigaji akiwa na straiki mbili, ametolewa. Naye mkimbiaji asiondoke kwa kasi hadi auone mpira ukishuka ardhini, kwani ukidakwa hewani akiwa mbali na besi, timu hupoteza auti mbili kwa mpigo.