Kabla Data Haijaingia: Mipangilio ya Kurekebisha Mapema kwenye SPSS, R na Stata

Mwanafunzi mmoja aliniletea laptopu yake hapa Tudor, Mombasa. Alikuwa amehoji kaya Likoni na Kisauni, na zimebaki siku mbili amwonyeshe msimamizi wake majedwali. Nikafungua SPSS, programu ya kuchambua takwimu kama zilivyo R na Stata, na kuita dirisha la kuchagua maswali ya kuchambua. Kila mstari ulisomeka sawa na mwenzake: "Je, katika siku thelathini zi...", "Je, katika siku thelathini zi...", kutoka juu hadi chini. Hojaji zetu za Kiswahili huanza na Je, kisha muda, ndipo jambo lenyewe lifuate, na kisanduku kile ni chembamba. Binti wa watu alikuwa akipeleka kishale juu ya kila swali, anangoja lijitokeze lote, anakwenda la pili. Dawa iko kwenye Edit, kisha Options, ukurasa wa General: chagua majina mafupi ya maswali yaonekane badala ya lebo, yaani maneno kamili ya swali, tena kwa mfuatano wa faili. Mara moja akaona q14_maji, q15_kisima, q16_bei.

Kazi hiyo ya dakika moja ilipaswa kufanywa kabla hojaji ya kwanza haijaingia. Ukiwa bado umo humo kwenye Options, malizia na mengine. Ukurasa wa Data unaipa kila safu mpya ya namba desimali mbili, ndiyo maana jinsia huandikwa 1.00 na 2.00, weka sifuri. Ukurasa wa Output, agiza majedwali yaonyeshe jina na lebo pamoja, na kule General uzuie namba ndogo zisiandikwe kwa mtindo wa kisayansi wenye herufi E. Kwenye ukurasa wa Viewer, hakikisha amri zinaandikwa juu ya matokeo. Hili la mwisho nalishikilia sana, kwa sababu miezi miwili baadaye utaulizwa jedwali la saba lilipatikanaje, na jibu litakuwa limeandikwa palepale juu ya jedwali.

Lakini kabla ya kugusa kitu kingine, jiulize: mpangilio huu unabadilisha sura ya jibu, au unabadilisha jibu lenyewe? Rangi ya grafu, idadi ya desimali zinazoonekana, folda ya kuanzia, hizo ni sura. Rekebisha upendavyo na uache humo daima. Mpangilio unaogusa jibu usiufiche kwenye kompyuta yako. Uandike waziwazi juu kabisa ya faili la amri, ili mwenzako akiliendesha kwake apate namba zilezile.

Tarehe ndizo zinazoumiza watu wengi. Sisi huandika siku kwanza, kisha mwezi, na programu nyingi zina mtindo wa Kimarekani wa kutanguliza mwezi. Ukisoma 25/03/2023 kwa mtindo huo, hakuna mwezi wa 25, kwa hiyo nafasi inabaki tupu, na angalau utaona pengo. Ya hatari ni 04/03. Hiyo inapita bila kelele, na tarehe nne Machi imegeuka tarehe tatu Aprili. Katika SPSS chagua EDATE, inayotanguliza siku, badala ya ADATE, inayotanguliza mwezi. Katika R andika mwenyewe kwamba siku ndiyo ya kwanza.

Mwaka wa tarakimu mbili nao una kisa chake. Niliwahi kupokea faili la mradi mmoja wa afya ambamo wazee walikuwa na umri chini ya sifuri. SPSS, usipoiagiza vingine, huhesabu kuanzia miaka 69 iliyopita hadi miaka 30 ijayo. R huchukua 00 hadi 68 kuwa miaka ya 2000. Kwa zote mbili, mzee aliyezaliwa 1945 na kuandikwa 45 atazaliwa 2045. Unaweza kubadilisha mpaka huo katika SPSS, lakini mimi nasema waagize wahoji waandike tarakimu nne tangu siku ya mafunzo.

Watumiaji wa R, tengenezeni faili la .Rprofile. R ikiwaka hulitafuta kwanza kwenye folda ya kazi, na isipolipata ndipo huenda kwenye folda yako ya nyumbani. Husoma moja tu kati ya hayo mawili. Weka humo scipen ya 999, mpangilio unaozuia namba kuandikwa kwa e, maana bila hiyo kodi ya shilingi 100000 hutoka 1e+05, na mwenye nyumba wa Nyali hatakuelewa. Kwenye RStudio, ingia Tools, Global Options, zima urejeshaji wa .RData, faili la vitu vilivyohifadhiwa mara iliyopita, na kwenye kuhifadhi wakati wa kufunga chagua Never. Vitu vya jana vikirudi vyenyewe, hujui tena jibu la leo limetokana na nini.

Stata ina profile.do, inayosomwa kila inapowaka. Inafaa kwa folda ya kazi na mtindo wa grafu. Ila set type double, inayoagiza namba zihifadhiwe kwa usahihi mkubwa zaidi, iweke juu ya do-file yenyewe, yaani faili la amri la Stata. Generate, amri ya kuunda safu mpya, isipoambiwa huhifadhi namba kama float, aina yenye usahihi mdogo, na float ikipita 16,777,216 haiwezi tena kushika kila namba nzima. Namba zetu nyingi za kitambulisho zina tarakimu nane. Watu wawili tofauti wanaweza kuishia na namba moja, na unapounganisha mafaili, majibu ya huyu yanabandikwa kwa yule.

Kama unatumia kompyuta za maabara au za saiba, mipangilio yako inaweza kufutwa mashine ikizimwa. Beba .Rprofile na profile.do kwenye flashi, na pigia picha kurasa za Options kwa simu.

Mwisho, jioni kabla ya wahoji kupanda feri, andika kaya kumi za uongo. Tia humo 25/03 na 04/03, mzee wa 1945, kodi ya 100000, namba ya kitambulisho inayopita 16,777,216 yenye tarakimu ya mwisho witiri, na swali lisilojibiwa. Zipitishe njia nzima hadi kwenye jedwali, halafu linganisha na karatasi uliyoandika kwa mkono, mstari kwa mstari.