Land Rover ya 109 na safari za uvuvi Mtera: ya kushika kwa mikono yako kabla hujatoka Dodoma

Nina Land Rover Series III, ile ndefu ya 109 (inchi kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma), ya petroli. Kila nikipata Jumamosi yenye nafasi naipeleka Mtera kuvua kambare na perege, mimi na mpwa wangu, fimbo mbili na debe la chambo. Barabara ya Iringa ni lami tupu, kwa hiyo mpaka bwawani hakuna la kusimulia. Safari yenyewe inaanza ukiacha lami na kufuata njia ya ng'ombe kuelekea majini: mchanga, miiba ya migunga, na vipande vya mbuga nyeusi, ule udongo wa mfinyanzi unaonasa ukilowa. Huko fundi hayupo. Ndiyo maana kitu ambacho sijawahi kukifungua uani kwangu Ipagala, sikitegemei kukifungua porini.

Kama bado hujanunua, anza na chesisi. Bodi ya gari hili ni aluminiamu, haishiki kutu kama chuma, na wauzaji wanajua mnunuzi ataangalia rangi. Wewe beba nyundo ndogo, lala chini ya gari, gonga taratibu kuanzia mbele hadi boriti ya nyuma inapofungwa tela. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinabwata kama debe lenye mchanga, na mara nyingine nyundo inazama. Uliza gari limeishi wapi. Lililokaa huku kwetu kwenye ukavu huwa na chesisi nzuri kuliko lililozeeka kwenye chumvi ya Tanga au Dar. Kisha linganisha namba ya chesisi na iliyo kwenye kadi, na hakikisha anayekuuzia ndiye mwenye kadi. Mimi la kwanza nilinunua kwa mtu asiye na jina kwenye kadi, na mwenye kadi alikuwa marehemu. Nilizunguka kwa warithi miezi minane kabla ya kwenda TRA kubadili umiliki.

Sasa vumbi. Watu wa Dodoma hatuhitaji kuelezwa vumbi, ila wengi hawajui linaingia wapi. Eya klina, yaani chujio la hewa ya injini, ya Series haina karatasi. Ni bakuli la chuma lenye oili chini, hewa inapita juu ya oili na vumbi linanaswa humo. Baada ya kila safari ya vumbi fungua bakuli hilo, chovya kidole. Ukikuta tope zito kama uji wa ulezi, oili hiyo haikamati tena kitu na vumbi linakwenda moja kwa moja kwenye silinda. Mwaga, osha bakuli na wavu wake kwa dizeli, acha vikauke kabisa, weka oili mpya ya injini mpaka kwenye alama, usizidishe. Ni kazi ya nusu saa. Naamini imeniokolea ringi za pistoni kuliko kitu kingine chochote nilichowahi kulifanyia gari hili.

Kingine cha kujifunza mwenyewe ni pointi za distributa, vile vyuma viwili vidogo vinavyofunguka na kufunga ili plagi zipate moto. Mwaka wangu wa pili nikiwa nalo, gari lilizima kama mita mia tatu kutoka majini, jua linazama. Stata inazungusha vizuri, petroli ipo, moto wa plagi hakuna. Nilifungua kifuniko cha distributa nikakuta pointi zimeungua, uso mmoja una kichuguu na wa pili una kishimo. Nilizisugua kwa kipande cha msasa, nikazungusha injini kwa mkono mpaka pembe ya kemu ikazifungua kabisa, nikaweka nafasi ya milimita 0.4 kwa fila geji (vile vibapa vyembamba vya kupimia nafasi), nikakaza skrubu, nikapima tena, maana ukikaza hiyo skrubu nafasi huhama. Gari likawaka. Tangu siku hiyo kwenye kiboksi cha ndoana kuna pointi mpya, kondensa, na msasa. Fanya zoezi hili nyumbani mchana, halafu lifanye tena usiku kwa tochi ya mdomoni.

Korongo la mchanga lisomwe kwa miguu kwanza. Shuka, vuka mpaka ng'ambo, utafute pale mchanga ulipo mgumu na mahali pa kutokea. Toa upepo kwenye tairi: zangu ni 7.50-16, nazishusha kutoka psi 30 hadi 18. Usishuke sana chini ya hapo kama una tyubu, kwa sababu tairi litateleza kwenye rimu na kuchana mdomo wa tyubu. Vuta nyuma gia ya kichwa chekundu gari likiwa limesimama, hapo magurudumu yote manne yanashika yenyewe, ingia na gia ya pili, usikanyage breki wala kubadili gia katikati. Kitufe cha njano kilicho kando yake ni cha kuweka fowili (magurudumu yote manne) kwa mwendo wa kawaida kwenye barabara mbovu. Ukirudi kwenye lami toa vyote viwili, maana gari hili halina difu ya katikati, ya kuruhusu magurudumu ya mbele na ya nyuma yazunguke kwa mwendo tofauti, na utavunja vyuma. Na kuanzia Desemba usilale ndani ya korongo hata kama mbingu ni nyeupe. Mvua ikinyesha milimani juu, maji yanakufikia ukiwa hujaona wingu.

Mbuga iliyolowa, subiri jua. Sina ushauri mwingine.

Hafu shafti ya nyuma, yaani chuma kinachotoka kwenye difu kuzungusha gurudumu, ikikatika, utasikia mlio mmoja mkali kisha injini inanguruma na gari haliendi. Usikate tamaa. Fungua boliti sita za katikati ya gurudumu upande uliokatika, vuta shafti, ziba tundu kwa kipande cha tyubu mchanga usiingie. Fungua na propela ya nyuma, lile bomba refu linalopeleka nguvu kwenye difu ya nyuma, ili injini isiizungushe difu hiyo yenye kipande kilichobaki ndani. Kandamiza kitufe cha njano, rudi nyumbani taratibu kwa magurudumu ya mbele. Kama magurudumu ya mbele yana habu za kufunga kwa mkono, kumbuka kuzifunga, la sivyo hayatavuta.

Stepuni ziwe mbili, kwa ajili ya migunga. Beba chepe, pampu, ubao mpana wa kuweka chini ya jeki, na maji lita 40. Ukipita kwenye nyasi ndefu funga kipande cha chandarua mbele ya rejeta, mbegu zisizibe. Leseni ya uvuvi iwe mfukoni, pita kwanza kwa viongozi wa kijiji, na hema lisimame mbali na maji. Mtera ina mamba na viboko.

Nikifika nyumbani Jumapili jioni, kabla ya kushusha samaki, nazunguka magurudumu yote manne na kuweka kiganja kwenye kila habu. Moja likiwa la moto kuliko wenzake, huenda beringi zake zimebana au zimekosa mafuta, na hilo ndilo tunalifungua Jumatatu mimi na mpwa wangu.