Kufunga voltimita kwenye trekta ya zamani, hatua kwa hatua

Huku Malindi, trekta nyingi zinazolima Magarini, Gongoni na Langobaya ni za zamani. Massey Ferguson 135, ambayo ilianza kuundwa mwaka 1964, bado utaikuta shambani ikivuta jembe. Injini zake ni ngumu. Kinachoziangusha mara nyingi ni umeme. Dereva anawasha asubuhi, analima hadi adhuhuri, anazima apate kula, na akirudi stata inalia ta-ta-ta tu. Betri haikuwa ikichajiwa tangu asubuhi, na kwenye dashibodi hapakuwa na kitu cha kumjulisha. Wakati huo mwenye shamba ameshalipia ekari zake na mawingu ya masika yameshakusanyika.

Voltimita ndogo, yaani kipimo cha volti za betri, ingemwambia mapema.

Kwa nini voltimita, si ampimita

Trekta za zamani zilikuja na ampimita, yaani kipimo cha ampea zinazopita, na wengi huagiza nyingine kama hiyo. Mimi nakushauri uiache. Umeme wote wa kuchaji hupita ndani ya ampimita, kwa hivyo waya wake lazima uwe mnene, na nati ikilegea hapo hupata moto hadi kuyeyuka. Isitoshe, ile ya asili ilitengenezwa kwa kiwango cha dainamo, kichaji cha zamani cha betri. Dainamo ya Lucas C40 hutoa ampea 22 hivi, lakini siku hizi wengi wamefunga alteneta ya gari, kichaji cha kisasa, yenye ampea 35, 55 au zaidi. Voltimita ni kama kijiti cha kupimia mafuta kwenye tangi: inaonyesha kiasi kilichopo bila kuziba njia.

Ukiitoa ampimita ya zamani, ziunganishe zile waya zake mbili nene kwa bolti moja, uzikaze na kuzifunika vizuri. Ukiziacha wazi, trekta haitachaji.

Vifaa

Voltimita ya volti 12 yenye mshale, saizi ya milimita 52. Waya wa milimita mraba 1.5, rangi mbili; fyuzi ya ampea 3 na kikasha chake; vichwa vya waya vya kubana; msasa; grisi; na mita ya kupimia umeme. Usinunue ile ya tarakimu zinazowaka. Kwenye jua la saa saba huzioni kabisa.

Ukipata waya wa boti, ambao nyuzi zake za shaba zimepakwa bati, nunua huo. Hewa yetu ina chumvi. Chuna waya wa kawaida uliokaa miaka miwili kwenye trekta inayolala nje karibu na bahari: ganda kwa nje bado ni jekundu na zuri, lakini ndani shaba imekuwa nyeusi, na karibu na kichwa imeota unga wa kijani. Waya huo ukiupima utasema umeme unapita, lakini ukiubebesha mzigo, volti zinapotelea humo.

Hatua ya 1: Jua bodi ni chanya au hasi

Usiiruke hatua hii. Bodi ni chuma cha trekta chenyewe, ambacho upande mmoja wa betri hufungwa. Trekta nyingi za Uingereza zenye dainamo zilifungwa chanya kwenye bodi, kinyume cha magari ya leo. Usiamini rangi za waya, maana zimepita mikono mingi. Weka mita kwenye volti, waya mwekundu uguse chuma kitupu cha injini, mweusi uguse kichwa cha betri kisichoenda bodi. Ikisoma 12 bila alama ya kutoa, bodi yako ni chanya. Ikija na alama ya kutoa, bodi ni hasi. Andika kwa rangi karibu na betri ili fundi ajaye asikisie.

Hatua ya 2: Tenganisha betri

Vua saa na pete. Fungua kwanza waya unaokwenda bodi, kwa sababu spana ikigusa chuma wakati huo haina madhara. Ukianza na ule mwingine, spana ikigusa bodi inatoa cheche, na betri iliyotoka kuchajiwa huwa na gesi ya haidrojeni juu yake, ambayo hulipuka.

Hatua ya 3: Toboa na ukaze

Chagua mahali dereva anapopaona bila kuinama. Angalia nyuma ya dashibodi kama kuna waya au paipu ya dizeli, kisha toboa na ulainishe kingo. Basi.

Hatua ya 4: Waya wa moto

Utoe kwenye swichi, pale panapopata umeme ufunguo ukiwashwa tu. Usiutoe betrini moja kwa moja. Voltimita hula kidogo, lakini trekta ikilala kutoka masika hadi vuli, hicho kidogo kinamaliza betri. Fyuzi ikae karibu na swichi. Na kwa kuwa injini ya dizeli huzimwa kwa kuvuta stopa, mzoeze dereva kurudisha ufunguo kila anapozima.

Bodi ikiwa hasi, waya huu uende kwenye alama ya + ya voltimita. Bodi ikiwa chanya, uende kwenye −.

Hatua ya 5: Ethi (waya wa bodi)

Usitegemee bati la dashibodi, kwa sababu lina rangi na kutu. Peleka waya wa pili hadi kwenye bolti ya injini au ya giaboksi. Piga msasa mpaka chuma king'ae, kaza, halafu ndipo upake grisi juu ili chumvi isiingie.

Rudisha betri, waya wa bodi ukiwa wa mwisho. Washa ufunguo na taa kubwa, upime volti kwenye betri yenyewe na nyuma ya voltimita. Zikitofautiana zaidi ya 0.3, kuna kiungo kibovu njiani. Kitafute sasa, usizoee mshale unaodanganya.

Kuusoma mshale

Injini ikiwa imezimwa na betri imepumzika, 12.6 ni betri iliyojaa, na 12.2 ni nusu. Ukipiga stata mshale hushuka. Ukienda chini ya 9.6, betri imechoka au vichwa vyake vina uchafu. Injini ikinguruma kwa mwendo wa kulima, unataka kati ya 13.8 na 14.4. Mwenye dainamo asishtuke mshale ukibaki 12 injini ikiwa polepole, kwani dainamo haichaji mpaka uongeze mafuta. Kwa alteneta, mshale ukae juu mapema. Ukibaki 12 hata ukiongeza mafuta, anza na mkanda wa feni. Ubonyeze kwa kidole gumba: ukizama zaidi ya nusu inchi hivi, ukaze.

Mshale ukipita 15, regileta, yaani kidhibiti cha kuchaji, imeharibika na betri inachemka. Irekebishe kabla ya kurudi shambani, ufungue vifuniko vya betri, na ukikuta sahani za ndani hazijafunikwa na maji ongeza maji ya betri ya dukani. Ya kisima usitie, maana visima vyetu vingi vya pwani vina chumvi.