Somo: kuchagua baiskeli ya kwanza ya gurudumu moja

Maswali ya inchi na helmeti yanajirudia kila wiki, kwa hiyo nimeyaweka yote hapa. Soma hadi mwisho ndipo uulize.

1. Gurudumu: mtu mzima anayeanza, inchi 20. Inchi 24 ni ya baadaye.

2. Kiti: ukisimama kando yake, kikufike kitovuni. Bomba la kiti lisivutwe kupita alama.

3. Pedali: plastiki. Za chuma zenye meno huchana muundi.

4. Kushoto na kulia. Hapa ndipo pesa za watu hupotea. Fremu na gurudumu vinafanana mbele na nyuma, kwa hiyo fundi asiyeizoea anaweza kufunga kiti kikiwa kimegeuka. Ukipanda hivyo, pedali ya kushoto inakuwa kulia. Thredi yake (mikunjo ya skrubu) hukazwa kinyume cha saa ili isijifungue ukiendesha. Ikikaa upande usio wake, kila mzunguko unailegeza. Kabla ya kulipa, tafuta herufi zilizochongwa kwenye krenki (mkono wa chuma unaoshika pedali) na mwisho wa ekseli ya pedali: L ni kushoto, R ni kulia. Ukisikia mlio wa chuma kugonga kila mguu unaposhuka, shuka papo hapo ukaze kwa spana namba 15. Usingoje kufika nyumbani. Krenki ya alumini ikishaliwa thredi, ni kununua nyingine.

5. Kinga: anza na za vifundo vya mikono, maana anayeanguka hutanguliza viganja. Kisha magoti. Muundi, shingadi (kinga za muundi) za kandanda zinatosha. Mitumba ya soko la Kibuye hapa Kisumu, Jumapili hukosi. Ila helmeti nunua mpya: povu la ndani likishapigwa laweza kupasuka mahali usipopaona. Viatu vya kufunika, kamba ndani.

MASWALI

— Niko Kondele, nichukue inchi ngapi?
Namba 1.

— Ninayo helmeti ya bodaboda. Mbona mnatumalizia pesa?
Siuzi chochote, ndugu. Hiyo ni nzito shingoni na ina joto. Ukikosa nyingine, ivae. Kichwa wazi hapana.

— Mtoto wangu ana miaka minane. 20 si kubwa?
Pima mguu, mama, si umri. Kiti kikishushwa hadi mwisho na bado hafikii pedali iliyo chini, mtafutie 16.

— Fundi wetu Nyalenda anaweza kuunda moja kwa gurudumu la nyuma la baiskeli ya Black Mamba?
Swali zuri sana. Kikwazo ni friwili: gurudumu linaendelea hata miguu ikitulia. Kwenye ya gurudumu moja, krenki hushikana na habu (kitovu cha gurudumu) moja kwa moja, miguu na gurudumu viende pamoja mbele na nyuma. Ndiyo breki yako na ndiyo mizani yako. Akiweza kufunga ekseli ndani ya habu isicheze, fremu ni kazi nyepesi. Niite tuitazame naye.

— Nyongeza: kujifunzia kwenye nyasi huchosha miguu bure. Tafuta saruji laini yenye ukuta wa kushika, asubuhi kabla upepo wa ziwa haujaanza.
Kweli kabisa. Na funika ncha za kiti kwa tiubu kuukuu, ndizo zinazogonga chini kwanza.

— Tiubu ya baiskeli au ya pikipiki?
Ya pikipiki, ni nene.