Jinsi ya Kuizuru Lisbon kwa Miguu
Anza asubuhi na mapema katika mtaa wa Alfama, kwa sababu ndio uliohifadhi zaidi sura ya kale baada ya tetemeko la ardhi la tarehe 1 Novemba 1755 kuangamiza sehemu kubwa ya mji mkuu huo wa Ureno. Vichochoro vyake hupinda na kupanda ngazi kiasi kwamba ramani ya simu haisaidii sana. Ni afadhali kupanda kwanza hadi ngome ya São Jorge, kisha kuteremka taratibu kuelekea kanisa kuu la Sé, ambalo ujenzi wake ulianza baada ya Afonso Henriques, mfalme wa kwanza wa Ureno, kuuteka mji kutoka kwa Waislamu mwaka 1147. Vaa viatu visivyoteleza, maana mawe ya njia yamelainika kwa kukanyagwa.

Kutoka hapo ingia Baixa, mtaa uliojengwa upya kwa barabara zilizonyooka chini ya uongozi wa Marquês de Pombal, waziri mkuu wa mfalme, halafu upande hadi magofu ya Carmo. Nakusihi usiyapite magofu haya: kanisa limeachwa bila paa, na anayesimama katikati ya nguzo zake huuelewa msiba wa 1755 kuliko kwa maelezo yoyote ya kitabuni.

Tenga nusu siku nyingine kwa mtaa wa Belém, lakini usiende Jumatatu, kwa kuwa monasteri ya Jerónimos hufungwa siku hiyo. Ndani yake limo kaburi la Vasco da Gama, yule yule aliyetia nanga Malindi mwaka 1498.