Jinsi ya kumpima winga chipukizi wa Korea Kusini kabla hujamtabiria makubwa

Kila dirisha la usajili huja na kinda mpya kutoka Korea Kusini, na kabla hajavaa jezi tayari ameshaitwa "Son Heung-min mpya", yaani mrithi wa nyota mkubwa wa nchi hiyo. Video ya dakika mbili ya chenga na mabao haisaidii kitu. Chukua daftari, fungua ukurasa mmoja kwa mchezaji mmoja, uandike dakika alizocheza, kalenda yake na hesabu ya jeshi (utumishi wa lazima). Hapa tutamtumia Yang Min-hyeok, aliyezaliwa 16 Aprili 2006, kwa sababu amepita karibu kila kona ya njia hii. (Yang ni jina la ukoo, Wakorea hulitanguliza.)

Anzia ligi ya nyumbani

K League 1, ligi kuu ya Korea Kusini, ina klabu 12. Hucheza raundi 33, kisha hugawanywa makundi mawili ya timu sita sita na kumalizia mechi 5 zaidi, jumla 38. Msimu huanza mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi na kuisha karibu na Desemba. Korea iko mbele ya Afrika Mashariki kwa saa 6, hivyo mechi inayoanza saa moja usiku kwao unaitazama saa saba mchana ukiwa Nairobi au Dar es Salaam. Tazama angalau mechi tano nzima, mbili kati yake ziwe za ugenini.

Kuna mtego unaowakamata wengi hapa. Kwa miaka mingi, hadi msimu wa 2025, ligi hiyo ilikuwa na kanuni ya vijana wa chini ya miaka 22: klabu isiyowatumia ilipunguziwa idadi ya wachezaji wa akiba inayoruhusiwa kuwaingiza. Makocha wakapata ujanja. Walimwanzisha kinda, dakika ya 20 au 30 wakamtoa, winga mkongwe akaingia. Ukiona kijana alianza mechi 20 katika misimu hiyo, usishangilie mpaka ujue alitoka dakika ya ngapi. Aliyetolewa mapema vile, mara nyingi hakuumia wala hakucheza vibaya.

Kwa hiyo hesabu dakika. Jumlisha mabao na pasi za mabao, toa penalti, zidisha kwa 90, gawanya kwa dakika. Mwenye mabao 4 na pasi za mabao 2 katika dakika 1,200 anapata 0.45, na kwa winga wa miaka 18 hiyo ni kazi nzuri. Chini ya dakika 900 usiamue chochote. Mashuti mawili yaliyomgonga beki na kujaa wavuni yanatosha kuiharibu hesabu yote.

Yang alianza msimu wa 2024 akiwa bado mwanafunzi wa sekondari huko Gangneung, hana hata mkataba kamili wa kulipwa. Aliupata katikati ya msimu. Alicheza mechi zote 38 za Gangwon FC, akafunga mabao 12 na kutoa pasi 6 za mabao. Gangwon, iliyokuwa imenusurika kushuka daraja kwa mechi za mchujo mwaka uliotangulia, ilimaliza ya pili, nafasi ya juu kabisa katika historia yake. Tuzo ya mchezaji bora kijana ikaenda kwake. Kwa winga, kucheza mechi zote 38 kunasema mengi kuliko yale mabao 12: kocha hakumwona kama kinda wa kutimiza kanuni.

Macho yaangalie nini

Mguso wa kwanza kwanza. Akipokea mpira amebanwa kwenye chaki, je, mguso unampeleka mbele au anarudisha kwa beki? Hesabu mara kumi. Kisha mguu dhaifu: winga anayeingia ndani siku zote kwa mguu uleule husomwa na mabeki wa Ulaya ndani ya mwezi mmoja. Son alilelewa kinyume cha hapo. Baba yake, Son Woong-jung, alimfundisha misingi ya kumiliki mpira kwa miaka huko Chuncheon kabla ya kumwachia mechi za ushindani, na baadaye akamsimamia kupiga mashuti 1,000 kwa siku, 500 kila mguu. Ndiyo maana beki hajui amsukumie upande gani. Mwisho, angalia dakika ya 75 na kuendelea: bado anarudi kumsaidia beki wake, au anatembea?

Uhamisho na mikopo

Kanuni za FIFA, isipokuwa kwa hali chache, haziruhusu uhamisho wa kimataifa kabla ya miaka 18. Lee Seung-woo, mshambuliaji wa Korea Kusini, alikuwa Barcelona akiwa mdogo, FIFA ikaiadhibu klabu hiyo mwaka 2014, naye akakaa bila mechi rasmi hadi alipotimiza 18 Januari 2016. Miaka ile ya kukua haikurudi. Alipita Verona ya Italia na Sint-Truiden ya Ubelgiji, kisha akarejea Korea.

Yang alisubiri. Tottenham walimtangaza Julai 2024, wakamwacha amalize msimu, mkataba hadi 2030. Tatizo likawa kalenda: baada ya mechi 38 alitua London Desemba, katikati ya msimu wa Uingereza, bila mapumziko ya maana. Winga yeyote anayetoka K League Januari, mpe miezi sita kabla ya kumhukumu. Mwishoni mwa Januari 2025 alikwenda QPR, klabu ya daraja la pili Uingereza, kwa mkopo, mechi 14 na mabao 2. Agosti akapelekwa Portsmouth.

Mkopo usomwe hivi: katika mechi kumi za kwanza za ligi, ameanza ngapi, amekaa benchi ngapi, na ngapi hakuwemo kikosini kabisa. Hilo la tatu ndilo la kutisha. Binafsi naona klabu ya kati iliyokununua ni salama kuliko klabu kubwa inayokukopesha. Bae Jun-ho alitoka Daejeon kwenda Stoke City 2023, akawa mchezaji bora wa klabu msimu wake wa kwanza.

Hesabu ya jeshi

Wanaume wa Korea Kusini hutumikia jeshi kwa takriban miezi 18. Kwa wanasoka kuna timu ya jeshi, Gimcheon Sangmu, lakini aliyeko Ulaya lazima arudi nyumbani kwanza. Msamaha hupatikana kwa medali yoyote ya Olimpiki au dhahabu ya Michezo ya Asia. Kombe la Dunia halimo. Son aliupata kwa dhahabu ya Michezo ya Asia ya 2018, ikabaki wiki tatu za mafunzo ya msingi mwaka 2020. Lee Kang-in, kiungo wa timu ya taifa, aliupata kwenye Michezo ya Asia ya Hangzhou 2023.

Mashindano hayo ya soka huwa ya chini ya miaka 23, na nafasi tatu tu za wakubwa. Chora safu: 2026 Aichi-Nagoya (Michezo ya Asia), 2028 Los Angeles (Olimpiki), 2030 Doha (Michezo ya Asia). Andika umri wa mchezaji chini ya kila mwaka. Kwa Yang ni 20, 22, 24, yaani Doha atahitaji moja ya zile nafasi tatu. Halafu angalia jambo ambalo mashabiki husahau: klabu hailazimishwi kumwachia mchezaji kwa Michezo ya Asia. Mawakala makini huandikisha ruhusa hiyo ndani ya mkataba tangu siku ya kusaini.